Injini Inayosita: Kumbukumbu za Kuisaka Hitilafu Isiyotulia

Injini ya petroli husita pale silinda moja au zaidi inapokosa, kwa kitambo kifupi, kimojawapo cha vitu vinne: hewa, petroli, cheche, au wakati sahihi wa cheche kuruka. Katika injini ya silinda nne inayozunguka mara 3,000 kwa dakika, cheche 100 huruka kila sekunde. Zikipotea chache, dereva huhisi mtikisiko mdogo kwenye kiti. Zikipotea nyingi mfululizo, gari hulegea katikati ya barabara huku lori likija nyuma. Wenye magari huyaita yote hayo "kumisi", lakini fundi hana budi kuyatenganisha tangu mwanzo. Injini inayochelewa kuitikia eksileta ina shida tofauti na inayodunda gari likiwa limesimama. Inayopanda na kushuka yenyewe kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa si sawa na inayozima ghafla na kuwaka tena baada ya kupumzika.

Ugumu wa kazi hii uko katika tabia ya hitilafu kuja na kuondoka. Kifaa kilichokufa kabisa hujitangaza: pampu iliyoungua haisukumi petroli leo, kesho wala keshokutwa, na mita ya umeme huibaini upesi. Kifaa kinachokufa nusunusu hufaulu vipimo vyote kikiwa kimepoa chini ya mwembe wa gereji, kisha huanguka barabarani kikikutana na joto, mzigo na mashimo. Gari hufika kwa fundi likiwa zima. Fundi hulizungusha mtaani, halionyeshi kitu, na hapo huja kishawishi cha kubadilisha vifaa kwa kukisia.

Kishawishi hicho kimeongezeka siku hizi kwa sababu ya vifaa vidogo vya kusoma kompyuta ya gari, vinavyochomekwa chini ya usukani na kuunganishwa na simu. Ni vya bei nafuu na karibu kila gereji ya uani inacho. Jirani wa mwandishi wa kumbukumbu hizi, mwalimu wa sekondari, alibadilishiwa plagi, koili zote nne na sensa ya oksijeni kwa kufuata namba zilizotokea kwenye simu ya fundi, na gari likaendelea kusita kila alasiri alipokuwa akirudi nyumbani. Mkasa huo ndio uliomrudisha mwandishi kwenye miaka yake ya gereji huko Ilala, Dar es Salaam, mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati magari yaliyotumika kutoka Japani yakimiminika bandarini na kabureta zikizipisha nozeli. Zana za kupimia zilikuwa chache: mita ya umeme, geji ya presha, taa ya majaribio. Mkuu wa gereji, mzee wa makamo, alikataza boneti kufunguliwa kabla dereva hajamaliza kusema.

Katazo hilo lilikuwa na sababu. Maelezo ya dereva ndiyo kipimo cha kwanza, tena kisicho na gharama. Gari husita likiwa baridi au likishapata moto? Mlimani, tambarare, au kwenye foleni? Mvua ikinyesha? Tangi likikaribia kukauka au likiwa limejaa? Kiyoyozi kikiwashwa? Baada ya kupita kwenye matuta? Na likishasita, hupona vipi: lenyewe, kwa kuachia eksileta, au mpaka lizimwe? Swali hili la mwisho ndilo linalosahaulika zaidi, nalo linapita mengine yote kwa thamani, kwa kuwa kinachoiondoa hitilafu lazima kinagusa chanzo chake mahali fulani.

Dereva mmoja wa teksi alifika Ilala na gari lililokwisha kupita gereji nyingine. Mjini lilikwenda vizuri. Safari ya Bagamoyo au Chalinze ndiyo iliyolishinda: baada ya mwendo mrefu lilianza kukosa nguvu, likajikokota, likasimama. "Ukishasimama unafanya nini, mwanangu?" mzee alimwuliza. Dereva akajibu kwamba hafanyi lolote la maana. Anashuka, anafungua tangi kuhakikisha petroli ipo, anakuta ipo, anafunga, anasubiri kidogo, gari linawaka na safari inaendelea. Mzee hakugusa injini. Alikwenda kwenye kifuniko cha tangi akakuta ni cha kuokoteza, cha gari la aina nyingine, kisicho na valvu ya kuingiza hewa. Petroli inapotoka tangini lazima hewa iingie kushika nafasi yake. Isipoingia, tangi hujivuta kwa ndani na kushindana na pampu mpaka pampu izidiwe. Dereva alikuwa akilitibu gari lake kila alipofungua tangi, na gereji zote zilizotangulia hazikumwuliza. Jaribio lenyewe ni jepesi: gari likianza kulegea, kifuniko hufunguliwa papo hapo, na mlio mrefu wa hewa ikivutwa ndani hutosha kuwa ushahidi. Magari ya baadaye hupitisha hewa hiyo kwenye mfumo wa kunasa mvuke wa petroli, wenye kopo la mkaa na valvu yake, na njia hiyo ikiziba dalili huwa zilezile.

Baada ya maelezo hufuata safari ya pamoja, na mwenye gari ndiye anayepaswa kushika usukani. Kila dereva ana mguu wake. Yupo anayekanyaga eksileta kwa pupa na yupo anayeigusa tu, na hitilafu inayomtokea mmoja yaweza isimtokee mwingine mwaka mzima. Fundi anayekaa kiti cha abiria ana nafasi ya kusikiliza, kutazama geji na kuandika. Lengo la safari hiyo ni moja: kuifanya hitilafu itokee kwa kutakiwa. Hitilafu inayoweza kuitwa ikaja imekwisha kupoteza nusu ya ugumu wake.

Kwa upungufu wa petroli, mahali pa kuiita ni mlimani. Injini huhitaji takriban kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo moja ya petroli. Petroli ikipungua, mchanganyiko huwa mwepesi na moto hushindwa kuenea vizuri silindani, na upungufu huo huonekana zaidi kadiri injini inavyodaiwa nguvu. Pikapu ya mfanyabiashara wa vitunguu ilikuwa ikisumbua kwenye safari kutoka Ruaha Mbuyuni kwenda Iringa, kwenye kona za mlima wa Kitonga peke yake. Pampu mpya ilikuwa imekwisha kuwekwa, na mwenye gari alikuwa tayari kununua nyingine. Badala yake geji ya presha yenye mpira mrefu ilifungwa kwenye njia ya petroli, mpira ukapitishwa nje ya boneti, na geji ikabanwa chini ya waipa ili isomeke kupitia kioo. Petroli yenye presha haiingizwi ndani ya gari hata kwa dakika moja, na fundi anayejali maisha yake hufuata utaratibu huu hata akiwa na haraka.

Tambarare, sindano ilikaa juu kidogo ya PSI 40, kiwango kizuri kwa mifumo mingi ya nozeli zinazopuliza kwenye manifoldi. Kitonga ilipoanza, sindano nayo ikaanza kushuka, na ilipopita chini ya 30 gari likaanza kusita. Likaegeshwa pembeni na kuzimwa. Lilipowashwa tena baada ya mapumziko, sindano ilirudi juu kama hakuna kilichotokea. Kushuka kwa presha kulithibitisha kwamba shida ni ya petroli wala si ya cheche. Kupona kwake kwa kupumzika kulionyesha mahali. Tangi lilipofunguliwa kulikuwa na tope, magamba ya kutu na nyuzi za kitambaa. Pampu ikivuta kwa nguvu, uchafu huo uliganda kwenye chujio la mdomo wake; ikizimwa, uliachia na kutulia chini. Pampu ya kwanza, iliyotupwa, huenda haikuwa na kosa lolote. Tangi lilisafishwa, chujio likabadilishwa, na vitunguu vikapanda Kitonga.

Mlima una somo jingine ambalo mafundi wa pwani hawana budi kulijua. Injini isiyo na turbo hupoteza kama sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za mwinuko, kwa sababu hewa ni nyembamba. Iringa iko juu ya mita 1,500. Gari linalovuta kwa unyonge huko bila kushtuka wala kudunda laweza kuwa zima kabisa. Kwenye gari la kabureta, hewa hiyo nyembamba huacha mchanganyiko ukiwa mzito kupita kiasi, moshi mweusi hutoka, plagi hushika masizi, na masizi hayo ndiyo yanayoleta kumisi baadaye gari likiwa limesharudi Dar es Salaam. Dalili na chanzo chake huweza kutengana kwa mamia ya kilomita.

Ubora wa petroli yenyewe hauwezi kuachwa nje. Uchakachuaji, yaani kuchanganya petroli au dizeli na mafuta ya taa, ulisumbua sana miaka hiyo, hadi EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilipoanzisha utaratibu wa kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 na serikali ya Tanzania ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa mwaka 2011 ili kuondoa faida ya kuyachanganya. Kenya nayo iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 kwa nia hiyohiyo. Mafuta ya taa hushusha okteni. Injini hugonga ikibeba mzigo, na gari lenye sensa ya kugonga huchelewesha cheche ili kujilinda, jambo ambalo dereva hulihisi kama kukosa nguvu. Maji ni mabaya zaidi kwa sababu ni mazito kuliko petroli: hukaa chini kabisa, pale pampu inapovutia. Gari linaloanza kusita muda mfupi baada ya kutoka kituoni hupimwa kwa kuchota petroli kidogo kwenye chupa ya kioo na kuiacha itulie. Mstari kati ya maji na petroli huonekana kwa macho. Kipimo hiki hakihitaji mashine, na ni ajabu jinsi kinavyosahaulika.

Upande wa cheche, kanuni haijabadilika sana tangu Charles Kettering alipotengeneza mfumo wa cheche wa betri kwa magari ya Cadillac karibu mwaka 1910. Umeme mdogo wa betri hukatwa ghafla kwenye waya mnene wa koili, na waya mwembamba wenye mizunguko mingi huzaa makumi ya maelfu ya volti. Umeme wa nguvu hiyo hutafuta njia rahisi ya kutoroka: ufa kwenye kauri ya plagi, waya uliochakaa, koili yenye mpasuko. Unyevu huufungulia mlango. Gari la muuguzi mmoja lilikuwa likimisi alfajiri za masika tu, akienda zamu ya asubuhi, na kufikia saa nne lilikuwa limepona. Lilifanyiwa uchunguzi usiku. Taa za gereji zilizimwa, injini ikawashwa, maji yakanyunyizwa kwa ukungu mwembamba juu ya nyaya za plagi, na cheche za buluu zikaonekana zikirukia kwenye chuma cha injini mahali ambapo mchana hapakuonekana hata mkwaruzo.

Mzigo pia huumbua mfumo wa cheche. Silinda inaposhindilia hewa nyingi zaidi, volti zinazotakiwa kuruka pengo la plagi huongezeka. Ndiyo maana koili dhaifu hufanya kazi vizuri gari likiwa limesimama na kuangusha cheche likipanda kilima kwa gia kubwa. Kupiga resi gari likiwa gereji hakuthibitishi chochote. Katika magari ambayo kila plagi ina koili yake, mwandishi hajawahi kuona jaribio bora kuliko kubadilishana. Kompyuta ikiandika P0301, maana yake silinda ya kwanza inamisi. Koili yake huhamishiwa silinda ya tatu na gari huendeshwa tena. Ikiandikwa P0303, koili imejitaja yenyewe. Ikibaki P0301, koili haina hatia, na uchunguzi huhamia kwenye plagi, nozeli au mgandamizo wa silinda. Inafaa pia kutazama kama oili imejaa kwenye kisima cha plagi: gasketi ya kifuniko cha valvu ikivuja, oili hulainisha mpira wa koili mpaka umeme ukapata pa kupita, na koili mpya itakayowekwa hapo bila kubadilisha gasketi itafuata njia ya iliyotangulia.

Hitilafu zilizofundisha zaidi zilikuwa za joto. Gari dogo la mama mmoja mfanyabiashara wa vitambaa Kariakoo lilikuwa likizima kwenye foleni za mchana Barabara ya Morogoro. Likivutwa hadi gereji, liliwaka kwa ufunguo wa kwanza. Dakika zile chache ambazo injini imezima na haitaki kuwaka ndizo zenye ushahidi wote, na kulivuta gari ni kuupoteza. Kwa hiyo fundi mmoja alitumwa kukaa naye foleni. Alipewa mambo mawili ya kuangalia. La kwanza ni sindano ya mizunguko ya injini kwenye deshibodi: gari likiwa bado linaserereka, sindano ikianguka hadi sifuri mara moja, kompyuta imepoteza habari za mzunguko au umeme wenyewe; ikishuka taratibu pamoja na mwendo, cheche zipo na petroli ndiyo inayokosekana. La pili ni kukagua, injini ikiwa imezima, kama cheche ipo na kama nozeli zinapuliza.

Sindano ilianguka mara moja, na vyote viwili vilikuwa vimekatika. Vitu viwili visivyotegemeana havifi sekunde moja kwa bahati, kwa hiyo kinachosakwa ni kile vinachokitegemea vyote viwili: relei kuu, swichi ya ufunguo, au sensa ya krenki inayoiambia kompyuta pistoni ziko wapi. Sensa ilifunguliwa. Ikiwa baridi, mita ilisoma ukinzani wa kawaida. Ikaazimwa mashine ya kukaushia nywele kutoka saluni ya jirani, sensa ikapashwa taratibu, na mita ikaonyesha kwamba njia imekatika kabisa. Ikaachwa ipoe, njia ikarudi. Ndani yake kuna waya mwembamba sana uliosokotwa. Ukishapasuka, ncha zake hugusana ukiwa baridi na kuachana ukitanuka kwa joto. Foleni ilikuwa na kazi moja tu katika mkasa huo: gari likisimama, upepo hupungua na joto la injini hukusanyika chini ya boneti.

Sensa ya eksileta ya aina ya zamani ina tabia yake. Kidole cha chuma husugua njia yenye ukinzani, na volti hupanda kutoka karibu nusu volti mguu ukiwa juu hadi volti nne na zaidi mguu ukiwa chini. Njia hiyo huchakaa zaidi pale mguu unapokaa muda mwingi, kwa kawaida kwenye mwendo wa safari. Gari husita mahali palepale pa eksileta, juu yake au chini yake halina neno. Mita ya tarakimu hubadilisha usomaji wake polepole mno kuliona pengo hilo; mita ya zamani yenye mshale huonyesha mshale ukicheza ghafla, na kwa kazi hii inabaki kuwa bora.

Sasa ndipo vifaa vya kusoma kompyuta vinapopata nafasi yao halali. Magari yote mapya ya abiria nchini Marekani yalilazimika kuwa na mfumo wa OBD-II kuanzia mwaka 1996, na soketi yake imeenea duniani. Namba inayosomwa hutaja kile kompyuta ilichokiona, haitaji kifaa cha kununua. P0171 yasema mchanganyiko ni mwepesi. P0300 yasema silinda zinamisi bila mpangilio. Sensa ya oksijeni iliyoleta habari ya mchanganyiko mwepesi imefanya kazi yake, na kuibadilisha ni kumwadhibu mleta habari. Chenye faida kubwa zaidi ni kumbukumbu ya tukio: picha ya hali iliyohifadhiwa wakati namba ilipoandikwa, ikionyesha mwendo, mizunguko, joto la injini na mzigo. Inafaa kukumbuka pia kwamba hitilafu nyingi hazikubaliki kwa kompyuta mpaka zijirudie katika safari mbili, kwa hiyo taa ya injini kutowaka si uthibitisho wa uzima. Taa hiyo ikiwa inapepesa, silinda zinamisi kwa kiwango cha kuharibu masega ya kusafisha moshi kwenye ekzosi, na dereva anatakiwa kupunguza mzigo mara moja.

Gari la yule mwalimu jirani lilikuwa na namba hizo mbili, P0171 na P0300. Kumbukumbu ya tukio ilionyesha injini ya moto, mwendo mdogo sana na mzigo mkubwa: hali ya gari linaloondoka. Swali likawa, nini husogea gari linapoondoka? Injini yenyewe hujipinda juu ya raba zake. Boneti ilifunguliwa, breki zikashikwa, gia ikaingizwa na eksileta ikaguswa. Raba moja ilikuwa imekufa, injini ikainuka, na mpira mpana wa hewa kati ya kipima hewa na throto ukafunguka ufa chini yake, usioonekana injini ikiwa imetulia. Hewa iliyoingia hapo haikuwa imepimwa, hivyo kompyuta haikuiwekea petroli. Joto la alasiri lililainisha mpira na kuupanua ufa. Mpira na raba viligharimu sehemu ndogo ya bei ya koili nne.

Nyaya na maungio yake huchukua muda mwingi kuliko kitu kingine, na hapa pwani ina desturi yake. Chumvi ya hewa ya Tanga, Mombasa au Unguja huingia kwenye soketi na kuzaa ukungu wa kijani juu ya shaba. Waya wa ethi unaounganisha injini na bodi ukilegea, sensa zote huanza kusema uongo kwa pamoja, na kompyuta huandika namba nyingi zisizohusiana. Gari lenye rundo la namba za aina mbalimbali hustahili kuanziwa kwenye ethi na betri. Kipimo ni kuweka mita kati ya ncha hasi ya betri na chuma cha injini, injini ikiwaka na taa zikiwa zimewashwa: zikisomwa zaidi ya volti 0.2, kuna muungano mbovu. Baada ya hapo nyaya hutikiswa fungu moja baada ya jingine, injini ikiwa inawaka, mpaka injini iitikie. Ni kazi ya subira, na haina njia ya mkato.

Uzito wa suala la muungano unaoachia unaonekana katika kisa cha hadharani cha Marekani. Mwaka 2014 General Motors iliyaita magari madogo takriban milioni 2.6 kwa sababu swichi ya ufunguo iliweza kuteleza na kuzima injini gari likiwa mwendoni, kwa mashimo ya barabara au uzito wa fungu la funguo. Usukani ulikuwa mzito na mifuko ya hewa haikufunguka. Mfuko wa fidia ulikubali madai ya vifo 124. Malalamiko ya magari kuzima ovyo yalikuwa yameanza kusikika takriban miaka kumi kabla. Swichi hiyo ilirekebishwa mwaka 2006 bila namba ya kifaa kubadilishwa, na hivyo wachunguzi wakawa wanalinganisha vifaa viwili tofauti wakidhani ni kimoja. Gari linalozima na kuwaka linahusu uhai wa watu, na mteja anayelilalamikia hastahili kuambiwa kwamba halina kitu.

Zipo pia hali zinazofanana na kusita kwa injini lakini si za injini. Giaboksi ya otomatiki hufunga klachi ya konveta kwenye mwendo wa wastani, na klachi hiyo ikitetemeka, abiria wote husema gari linamisi. Dereva akigusa breki kidogo bila kuachia eksileta, klachi huachia. Mtetemo ukikoma hapohapo, plagi na koili ziachwe kama zilivyo. Masega yaliyoyeyuka ndani huziba ekzosi na kuifanya injini ikose pumzi kwenye mizunguko mikubwa, na vipande vilivyovunjika huhamahama, leo vimeziba, kesho vimejisogeza. Wengi huyakata na kuyauza, kwa kuwa yana platinamu, paladiamu na rodiamu, kisha wanadhani wametengeneza gari. Masega huyeyuka kwa sababu petroli isiyowaka iliyafikia na kuungulia humo. Kumisi kulitangulia, na kutabaki baada ya masega kuondoka.

Matengenezo hayahesabiwi kuwa yamekamilika mpaka gari lirudishwe kwenye mazingira yaliyolishinda. Gari la foleni hurudishwa foleni saa za joto, la Kitonga hurudishwa Kitonga likiwa na mzigo, na la masika hunyunyiziwa maji usiku. Kulizungusha mtaani na kumkabidhi mwenyewe funguo ni kumwachia yeye jaribio ambalo fundi alipaswa kulifanya.

Na yapo magari ambayo hitilafu yake haiji kwa siku zote yanapokuwa gereji. Utaratibu wa Ilala ulikuwa kumrudishia mwenye gari bila kubadilisha kifaa chochote, akiwa na daftari dogo la kuweka kwenye droo ya deshibodi. Kila gari likisita aliandika saa, hali ya hewa, kituo alichojaza petroli mara ya mwisho, kiasi kilichobaki tangini, gia na mwendo, sindano ya joto ilisimama wapi, sindano ya mizunguko ilianguka vipi, na alifanya nini kabla gari halijapona. Mwenye kifaa cha kusoma kwenye simu anaweza kuongeza picha ya kioo cha simu iliyopigwa wakati huohuo na abiria, kabla namba hazijafutwa. Kufuta namba bila kuziandika kwanza kulikatazwa kabisa, kwa sababu kumbukumbu ya tukio hufutika pamoja nazo.